Kirangozi Haimbi Peke Yake

Ngoma haipigwi ila imekwisha kuota moto. Jambo hili hulijua vyema mtu aliyepata kukaa usiku wa kipupwe katika kijiji cha bonde la Lukuledi, mavuno yakiwa yamekwisha kuingia ghalani na wari wakitazamiwa kutoka kumbini, akawaona vijana wakikusanya majani makavu uwanjani, wakayatia kiberiti, wakazielekeza ngoma zao kwenye mwali moja baada ya moja, ilhali mzee mmoja akigonga viwambo kwa ncha ya kidole, akitega sikio, akitikisa kichwa, akiirudisha hii motoni na kuitenga ile kando, mpaka chapuo ikalia kwa ukali wake na vumi ikajibu kwa uzito wake, naye akaridhika akaketi. Hapo kelele hukoma. Mtu mmoja, aghalabu mwanamke wa makamo ambaye sauti yake haina haja ya kipaza sauti, hujitenga na wenziwe hatua mbili, akaanzisha wimbo. Baina ya neno lake la mwisho na neno la kwanza la wapokeaji pana nafasi isiyozidi kuvuta pumzi moja, na katika nafasi hiyo mwanamke yule yu mpweke kuliko msafiri wa jangwani. Kwa kuwa wimbo umekwisha kumtoka kinywani, kuurudisha hawezi, na kama utapokewa au utaanguka mavumbini hajui bado.

Nimekuwapo katika ngoma nyingi za namna hiyo, tangu Masasi mpaka Newala, na kila mara nafasi ile ndogo hunikumbusha watu wa aina mbili ambao vitabu huwaweka mbalimbali: wasafiri waliotangulia kufika mahali ambapo watu wao hawajafika, na wanamuziki waliotangulia kuoanisha sauti ambazo watu wao hawajazisikia pamoja. Wote huitwa watangulizi, na sifa zao husimuliwa kana kwamba walikwenda peke yao. Nchi yetu hii ya kusini, iliyopitiwa na watu wa aina zote mbili, inao ushahidi mwingine.

Katika siku za misafara ya miguu, mbele ya wapagazi wote alitembea mtu aliyeitwa kirangozi, manyoya au ngozi kichwani ili aonekane kwa mbali, bendera mkononi, na mpiga ngoma karibu nyuma yake. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuijua njia: visima, vivuko, miji ya wenye urafiki na miji ya wenye kudai hongo. Ya pili haikuwa duni kuliko hiyo, nayo aghalabu ilikuwa kuanzisha wimbo, kwa kuwa mzigo mzito haubebwi na bega tu. Hubebwa na pumzi iliyopangwa, na pumzi za watu mia hazipangiki ila kwa kuimba. Kirangozi akitoa sauti na watu wasimwitikie, alijua kwamba wamechoka, au wamekasirika, au wameingiwa na hofu, na kwamba huenda akaamka asubuhi akaikuta mizigo imelala chini na wenyewe wametoroka usiku. Miguu yake ilikuwa mbele, lakini masikio yake yalikuwa nyuma.

Bonde la Lukuledi lilikuwa mojawapo ya milango ya misafara hiyo. Mto wenyewe hupita baina ya uwanda wa juu wa Makonde na miinuko ya Wamwera, ukaishia katika ghuba ya Lindi. Na barabara ya leo, ya Mtama, Nyangao, Ndanda na Masasi, imelifuata bonde hilo hilo. Wayao kutoka upande wa Ziwa Nyasa walishuka pwani na pembe na tumbaku na, kwa masikitiko ya tarihi yetu, watu waliofungwa. Wakapanda na nguo, chumvi, shanga na bunduki. Kanoni Yohana Abdallah, Myao aliyekuwa kasisi huko Unangu upande wa Msumbiji, aliziandika habari za watu wake kwa lugha yao wenyewe katika kitabu *Chiikala cha Wayao*, kilichopigwa chapa mwaka 1919, na humo msomaji huona jinsi mtu aliyefika pwani akarudi salama alivyopata heshima kijijini, hata asiyesafiri akajiona kama mtoto mbele yake. Ari ya kutangulia, basi, haikuletwa kwetu na merikebu.

Njia iliyopungukiwa na kimo

Merikebu, hata hivyo, zilikuja, na moja katika hizo ilikuwa na jina la kuchekesha. Mwezi wa Machi 1861 chombo cha moshi kilichoitwa Pioneer, neno ambalo kwa Kiingereza maana yake ni mtangulizi, kiliingia mdomo wa Mto Ruvuma kikiwa na Daktari David Livingstone na Askofu Charles Mackenzie, kwa matumaini kwamba mto ule utawafikisha karibu na Ziwa Nyasa. Maji yalianza kupungua kabla hawajafika mbali, na mtangulizi akageuza uso akarudi baharini.

Livingstone hakuwa mtu wa kukata tamaa. Machi 1866 alirudi, akashukia Mikindani, akiwa na ngamia sita, nyati wa kufugwa watatu na ndama, nyumbu wawili na punda wanne, kwa kuwa alitaka kujua kama wanyama hao watastahimili mbung'o ambao huwaua ng'ombe na farasi. Aliandamana na askari wa Kihindi, watu wa Nzuwani, vijana waliosomeshwa Nasik karibu na Bombay, na, miongoni mwa wengine, wawili ambao majina yao yangekuja kujulikana: Susi, kutoka Shupanga kwenye Mto Zambezi, na Chuma, Myao aliyekombolewa katika minyororo ya watumwa mwaka 1861 angali mtoto.

Walipoanza safari ya kuelekea bara, chini ya uwanda wa Makonde, wakakutana na tatizo ambalo halikutazamiwa. Njia ilikuwapo. Ilikuwa njia ya wanadamu, upana wake ni bega la mpagazi na kimo chake ni mzigo wa kichwani. Ngamia aliyepakiwa hakuweza kupenya chini ya matawi yale. Ikabidi waajiriwe vijana wa Kimakonde, wenye mashoka makali na mazoea ya kufyeka, watangulie mbele na kukata, nao, kama Livingstone mwenyewe alivyoandika katika shajara yake, walikuwa wachangamfu na hodari wa kazi hiyo. Tukiipima kwa haki, basi, ile iliyosifiwa kuwa njia mpya katika nchi isiyojulikana ilikuwa, kwa siku zile za mwanzo, njia ya zamani iliyoongezwa kimo kwa ajili ya ngamia.

Nimesimama Newala, mahali paitwapo Shimo la Mungu, ambapo uwanda hukatika ghafla na nchi ikashuka chini sana mpaka kwenye utepe wa Ruvuma unaong'aa kwa mbali, nikajaribu kuwaona vijana wale kwa jicho la fikira: migongo imelowa jasho, matawi yanaanguka, na nyuma yao mnyama mwenye shingo ndefu ambaye hawakuwahi kumwona, akiwatazama kwa dharau ya asili ya ngamia. Majina yao hayakubaki. Wala sisemi haya ili nimpokonye marehemu Daktari haki yake, maana ushujaa wake ulikuwa ushujaa wa kweli, na maneno yake juu ya biashara ya watumwa yalifika masikio ambayo kilio cha watumwa wenyewe hakikuruhusiwa kuyafikia. Nasema tu kwamba alianzisha wimbo, na wa kwanza kuuitikia walikuwa watu wenye mashoka. Bila wao ngamia wangerudi pwani, na wimbo ungeishia Mikindani.

Mwitikiaji aliyekuwa kiongozi

Livingstone alipofariki katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia, mnamo Mei 1873, Chuma na Susi na wenzao waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga katika gome la mti mfano wa mzigo wa kitambaa, wakaubeba mwendo wa zaidi ya kilomita 1,500 mpaka Bagamoyo, ambako waliwasili Februari 1874. Hakuna aliyewaamuru. Kirangozi alikuwa amekwisha kufa, na ingalikuwa rahisi wagawane mali wakatawanyika. Hawa waliushika wimbo palepale alipouachia wakaumaliza wenyewe. Chuma na Susi walipofika Uingereza mazishi ya Westminster Abbey yalikuwa yamekwisha kupita, lakini kumbukumbu zao zilisaidia kuzipanga shajara za marehemu zilizochapishwa mwaka ule ule.

Kisha mwitikiaji akawa mwanzishaji. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa UMCA, misheni ya Kianglikana, aliondoka Unguja na watu wapatao hamsini, wanaume kwa wanawake, waliokombolewa utumwani, akashuka Lindi akaingia bara. Na aliyeuongoza msafara ule hakuwa mwingine ila James Chuma. Muradi wa wasafiri ulikuwa kurudi kwao, upande wa Ziwa Nyasa. Walipofika Masasi, chini ya vilima vile vya mawe matupu vinavyoinuka katika nchi tambarare kama migongo ya tembo waliolala, wakaona maji na udongo mzuri, wakataka kubaki. Ndivyo kijiji cha watu huru kilivyoanza chini ya Mlima Mtandi.

Mara nyingi tunausimulia mwanzo huu kama habari ya dini, na kweli ni habari ya dini. Lakini ni habari ya muziki vilevile. Watu wale walitoka makabila mbalimbali, wakakutanishwa na msiba, wakafundishwa Kiswahili cha Unguja na mtu aliyeandika mojawapo ya vitabu vya kwanza vya sarufi yake, wakapewa nyimbo za kanisa zilizotafsiriwa kwa Kiswahili na kuimbwa kwa sauti za Kiingereza, na usiku, nje ya kanisa, wakawa na ngoma za mama zao ambazo hawakuzisahau zote. Mchanganyiko wa kwanza haukuwa mtamu. Kiswahili hutaka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho, na sauti za kigeni hazikujua hivyo; mwimbaji akiburutwa na mdundo asioutaka, neno hugeuka maana mdomoni mwake, kama vile barabara ya kupita watu inavyogeuka, kwa kuhamisha mkazo tu, kuwa barabara ya mambo yaliyo sawasawa. Vizazi vya wanakwaya wa kusini vimefanya kazi ya kuirudisha mikazo mahali pake, polepole, kwa kuongeza noti hapa na kuivuta nyingine pale, na kazi hiyo ya sikio haijaandikiwa kitabu.

Mwaka 1882 ulikuwa mwaka wa msiba. Steere alifariki Unguja. Chuma naye alifariki Unguja. Na Masasi ikavamiwa na Wangoni, watu wengine wakauawa, wengine wakachukuliwa mateka, na wengi wa waliosalia wakapanda uwandani Newala, kwenye himaya ya Matola, mkuu wa Wayao. Wahenga walisema mwanzo kokochi, mwisho nazi. Hawakuficha kwamba kokochi nyingi huanguka kabla ya kuwa madafu. Kijiji kilianguka, lakini misheni ilirudi Masasi baadaye, na mji ukakua.

Sauti iliyochukuliwa

Miaka ishirini na minne baada ya uvamizi ule alikuja mtafiti wa namna nyingine. Ilikuwa mwaka 1906; vita vya Majimaji vilikuwa havijapoa, na misioni za Nyangao na Lukuledi zilikuwa magofu tangu mwaka uliotangulia. Profesa Karl Weule wa Leipzig alipanda kutoka Lindi kwenda Masasi, Chingulungulu na Newala, akilindwa na askari, na miongoni mwa mizigo yake mlikuwa na kamera ya picha za sinema na fonografu, mashine ya kunasa sauti katika silinda za nta. Filamu alizopiga za ngoma za huku ni miongoni mwa za kale kabisa katika Afrika Mashariki, na kitabu chake kilichotoka mwaka 1908 kimehifadhi mambo ya jando, unyago na ufinyanzi ambayo wajukuu wa waliosimulia wangefurahi kuyasoma.

Miongoni mwa watu aliowataja mna mghani kipofu aitwaye Sulila. Na tumfikirie Sulila. Maisha yake yote ameimba mbele ya watu, akawajua kwa pumzi zao na vicheko vyao, akapanga neno lake la pili kwa kadiri neno la kwanza lilivyopokewa. Sasa anawekwa mbele ya tarumbeta ya bati, anaambiwa aimbe humo, na tarumbeta haiitikii. Nta ilizibeba nyimbo za nchi hii mpaka Ujerumani, ambako wataalamu walizisikiliza kwa makini na taadhima, na wenye nyimbo wasijue zimefika wapi. Sikatai kwamba Weule alikuwa mtangulizi. Alitangulia kuliko wengi kutambua kwamba wimbo ni tarihi. Kilichopungua ni kiitikio. Aliichukua sauti ya mwanzishaji na kuuacha uwanja nyuma, na wimbo usio na uwanja ni kama ngoma isiyooteshwa moto: umbo lake ni kamili, lakini mlio umelala.

Chooko hutangulia chunguni

Waandishi wa siku hizi, wanapotaka jina la muziki uliozaliwa kwa kuoanisha mila mbili, husema muziki mseto, nami nalipenda neno hilo kwa kuwa limetoka jikoni. Mseto ni wali na chooko vilivyopikwa pamoja katika chungu kimoja. Mtu akipika wali huku na chooko huku, akavichanganya sahanini, hajapika mseto. Tena mpishi anayejua kazi hatii vyote kwa mara moja. Chooko ni ngumu, hutangulia motoni peke yake, huteseka kwanza. Mchele huja baadaye na kuukuta moto umekwisha kazi nusu. Anayetia vyote pamoja hupata wali uliovurugika na chooko zinazovunja jino.

Kusini tumekula mseto wa namna hiyo zaidi ya mmoja. Beni ilizaliwa mwambao wa kaskazini, Lamu na Mombasa, mwishoni mwa karne ya 19, pale vijana wa Kiswahili walipozitazama bendi za kijeshi za wageni wakaona kwamba gwaride ni ngoma iliyosahau kucheka. Wakajipa vyeo vya kijeshi, wakajigawa Marini na Arinoti, wakashindana. Vita Kuu ya kwanza, ambayo Oktoba 1917 iliigeuza nchi ya Mahiwa katika bonde hili hili kuwa machinjio, iliwatawanya askari na wapagazi pande zote, nao wakaipeleka ngoma ile kila walikokwenda. Huko upande wa Nyasa ilikofika bila tarumbeta za shaba, watu walikata vibuyu, wakatoboa tundu, wakabandika utando wa buibui ili sauti ya mwimbaji ivume kama shaba, na mganda ukazaliwa. Katika habari zote za muziki mseto sijui iliyo nzuri kuliko hii ya buibui aliyeajiriwa bendini.

Mseto wa pili ulipikwa Masasi kwa makusudi. Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa dayosisi ya Masasi tangu 1926 mpaka 1944, pamoja na makasisi na walimu Waafrika ambao pasipo wao asingethubutu, waliamua kwamba jando halitapigwa vita bali litaingizwa katika maisha ya kanisa: sala zikawekwa mahali pa baadhi ya dawa na matambiko, kasisi akakaa karibu na manyakanga, wakuu wa jando, na wari waliotoka kumbini wakaenda kupewa baraka. Wamisionari wengine walishtuka. Wazee wengine nao walinung'unika kwamba lililobaki ni ganda na kiini kimekwenda. Mimi nadhani pande zote mbili zilikuwa na sehemu ya haki, na ugumu wa jaribio lile ulikuwa palepale penye ugumu wa kila mseto: jando la wavulana, lililokuwa karibu na wanaume wenye kupatana, lilipikika kwa urahisi kuliko unyago, ambao ulikuwa milki ya wanawake, na makungwi hawakuwa na haraka ya kuonyesha chungu chao.

Tarumbeta, ngoma na nyota

Mwaka 1960 Masasi ilipata askofu mwingine, Trevor Huddleston, aliyekwisha kujulikana duniani kwa kupinga ubaguzi wa Afrika Kusini. Wengi walimjua kama mtetezi. Wachache walijua kwamba kabla ya kuondoka Johannesburg alikuwa amemuuliza mvulana mtukutu wa shule ya Mtakatifu Petro ni kitu gani kitakachomtuliza, na mvulana akajibu kwamba akipata tarumbeta hatamsumbua mtu tena. Padri akaitafuta, akampa. Baadaye, kwa ombi la Huddleston, Louis Armstrong alituma kutoka Marekani tarumbeta yake mwenyewe kwa vijana wale wa bendi. Mvulana yule alikuwa Hugh Masekela. Mwaka 1968, mwaka ambao Huddleston aliiacha Masasi, wimbo wa Masekela *Grazing in the Grass* ulishika nafasi ya kwanza huko Marekani, na muziki wa vitongoji vya Afrika Kusini ukaketi barazani na jazi bila kuomba ruhusa.

Huddleston hakupuliza hata noti moja ya muziki ule. Lakini katika nafasi ile ya pumzi moja, mtoto alipotoa neno ambalo mtu mzima mwingine angelicheka, yeye aliitikia.

Na tusidhani kwamba mseto mkubwa lazima uwe na tarumbeta. Mwaka 1970 Miles Davis alitoa *Bitches Brew*, akatia vinanda na magitaa ya umeme katika jazi, na wajuzi husema hapo ndipo muziki huo mpya ulipopata jina na nguvu. Mwaka ule ule, katika maonyesho ya dunia huko Osaka nchini Japani, alisimama mwana wa kusini, Mzee Morris Nyunyusa, kipofu kama Sulila, amezungukwa na ngoma zaidi ya kumi za vimo mbalimbali, akizipiga zote peke yake. Desturi yetu ni ngoma moja kwa mpigaji mmoja, na utamu hutokea pale wapigaji wanapojibizana. Yeye aliwakusanya wapigaji wote katika mikono miwili, akawa mwanzishaji na mwitikiaji wa nafsi yake. Mlio wa ngoma zake uliwekwa kutangulia taarifa ya habari ya Redio Tanzania, na nakumbuka jinsi ulivyotoka katika redio ya babu yangu yenye betri zilizoanikwa juani mchana kutwa ili zipate uhai wa jioni, na babu akainua kidole, nasi watoto tukanyamaza, nchi nzima ikinyamaza pamoja nasi. Mcheza kwao hutunzwa. Huyu alicheza kwao na ugenini, na tunzo yake kubwa ilikuwa ukimya ule.

Wimbo ulioanzishwa mbali kuliko wote, hata hivyo, ni wa wasichana. Septemba 1977 Marekani ilirusha chombo kisicho na mtu kiitwacho Voyager 1, ambacho leo kimekwisha kupita zaidi ya kilomita bilioni 24 kutoka hapa. Ubavuni mwake imefungwa sahani ya shaba iliyopakwa dhahabu, yenye salamu kwa lugha 55, Kiganda na Kinyanja zikiwamo, na muziki wa mataifa mbalimbali, ili kama viko viumbe huko vyenye masikio visikie. Pamoja na kazi za Bach na Beethoven umo wimbo usiofika dakika moja, ulionaswa na Colin Turnbull katika msitu wa Ituri, mashariki ya Kongo, wa wasichana wa Kimbuti wakiwa katika unyago wao. Hapa Masasi, ambapo unyago bado ni jambo la kuulizia tarehe kabla ya kupanga arusi, habari hiyo haitushangazi sana. Tunajua kwamba mwali anapotolewa ndani lazima aimbiwe. Tunachongoja, kama wanavyongoja wale mabinti wa Ituri bila kujua, ni kusikia nani ataitikia.

Kipupwe kilichopita nilialikwa katika sherehe ya wari, kijiji kimoja si mbali na Mto Lukuledi. Wenye shughuli walikuwa wamekodi kijana mwenye kinanda cha umeme na spika mbili ndefu kama milango, naye alikuwa hodari. Mdundo wake ulikuwa wa kisasa, na ndani yake, mwenye sikio alisikia mwendo wa ngoma ya sindimba umefichwa kama mfupa ndani ya nyama. Wazee walikaa mbali, na ngoma zao zimelala ubavu. Karibu na usiku wa manane jenereta likakohoa mara mbili, likazimika. Giza likaingia, na ukimya. Bibi mmoja akasimama, akajitenga hatua mbili, akatoa ubeti.

Wazee hawakuwa tayari. Ngoma zilikuwa baridi, na mtu alikuwa bado anatafuta kiberiti. Nafasi ile ya pumzi moja ikawa mbili, ikawa tatu. Wa kwanza kuitikia alikuwa yule kijana wa kinanda, kwa sauti kavu, neno moja amelikosea, huku akilipiga dumu tupu la mafuta ya jenereta kwa viganja. Watu wakacheka, bibi akamsahihisha kwa kulirudia neno lile polepole, naye akalishika. Na majani makavu yalipowaka hatimaye, tayari tulikuwa tunaimba wote.